Nyuma ya Kihenge cha Mzee Adolfu

Asubuhi ya kesi Kornel alivaa shati jeupe, akalivua, akavaa la bluu, akalivua hilo nalo. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na kitenge chake cha kanisani, mkoba kwapani, akimtazama.

"Una nini leo? Unavaa na kuvua kama bwana harusi."

"Baridi, mama."

"Basi vaa na koti. Hakimu hatazami shati, anatazama mtu anavyosema. Wewe sema tu kama ulivyoniambia mimi. Ulimkuta mbwa njiani, damu zinamtoka, nje ya ua wa Adolfu. Basi. Mengine niachie."

Kornel aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye lile shati jeupe. Vidole vyake vilivyozoea randa na msumeno vilishindwa na vifungo.

Jikoni, karibu na mafiga, mbwa wao Kamanda alikuwa amelala juu ya gunia. Aliposikia viatu vya Kornel aliinua kichwa, akataka kusimama, akasahau kama alivyosahau kila asubuhi kwamba mguu wa mbele wa kulia haupo tena, akaangukia kidevu. Hakulia. Alijizoazoa, akaja akirukaruka kwa mitatu iliyobaki, akamlamba Kornel mkono. Kornel akauvuta mkono wake kama aliyeunguzwa.

"Hata yeye anajua leo ni siku yake," Mama Kornel alisema, na sauti ikamlegea. "Baba yako aliniachia watu wawili wa kunitazama, wewe na huyu mbwa. Mmoja kakatwa. Na aliyemkata nani? Jirani! Katekista! Mtu anayetuongoza kusali rozari!"

Kornel alitoka nje kabla hajajibu. Upepo wa mwezi wa saba ulikuwa ukipita kwenye mabua makavu ya mahindi yaliyovunwa, ukileta vumbi jekundu mpaka kizingitini. Ng'ambo ya njia, juu ya ua wa minyaa, moshi ulikuwa ukipanda kutoka jikoni kwa Mzee Adolfu. Alijua ni nani aliyewasha moto ule. Alijua hata namna anavyoinama akiupuliza, mkono mmoja ukishika khanga isiguse majivu. Akageuza uso.

Ukweli wa jambo lile walioujua ni watu wawili tu duniani, yeye na Silvana, binti wa Mzee Adolfu.

Walikuwa wakipendana tangu msimu wa kupanda uliopita. Silvana alikuwa akifundisha watoto wa chekechea parokiani. Kornel alipelekwa pale kutengeneza viti vidogo, kazi ya wiki moja akaifanya ya mwezi mzima. Nyumbani hawakuweza kusema. Mzee Adolfu alikuwa amekwisha kuwapokea watu wa kijiji cha Chala waliokuja kumchumbia bintiye kwa ajili ya kijana wao Leonardi, mwalimu wa sekondari. Naye Mama Kornel alikuwa akisema wazi kwamba msichana aliyesoma vile hatamfaa fundi seremala. "Atakula chakula chako huku anakucheka," alisema. Hivyo walionana kwa kuibia, jioni, Mzee Adolfu akiwa kwenye sala za jumuiya. Kornel alipenya kwenye pengo la ua wa minyaa, wakakutana nyuma ya kihenge, ghala la kuhifadhia mahindi. Hawakufanya la kuwaaibisha. Walishikana mikono, wakasemezana kwa kunong'ona, na mara nyingi hata maneno yaliwaishia wakabaki kutazamana.

Jioni ile Kamanda alimfuata. Kornel alimfukuza kwa mkono, mbwa akalala chini akijifanya amesikia, kisha akaja.

Sala ziliisha mapema. Mzee Adolfu alikuwa amepitia shambani kuchukua panga alilolisahau, na alipofika kwake akasikia kuku wakihangaika nyuma ya nyumba.

"Nani huko?"

"Baba!" Silvana alinong'ona, mikono yake ikawa ya baridi mara moja. "Jifiche, Kornel. Jifiche!" Akakimbilia mlango wa nyuma wa jikoni.

Kornel akachuchumaa nyuma ya kihenge. Mtu mzima, mwenye ndevu, mwenye karakana yake, alikunja magoti na kubana pumzi kama mwizi wa karanga. Kamanda hakujificha. Alipoona mtu anakuja na kitu kirefu mkononi kuelekea alipo bwana wake, alisimamisha manyoya, akanguruma, akaruka. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Mzee aliyaona meno tu. Akarusha panga.

Mlio ule Kornel hajawahi kuusahau. Na bado hakutoka. Alimsikia Mzee Adolfu akisema, "Yesu na Maria, ni mbwa wa jirani," kwa sauti inayotetemeka, kisha akasikia hatua zake zikienda ndani kutafuta tochi. Ndipo Kornel alipomnyanyua Kamanda, akapenya naye kwenye pengo, akamlaza katikati ya njia, akapanguza mikono yake kwenye majani, akaita:

"Mama! Mama, njoo! Kamanda kakatwa!"

Mzee Adolfu alikuja mwenyewe hadi njiani, tochi mkononi, akasema, "Mama Kornel, ni mimi. Alikuwa uwani kwangu, kanirukia."

"Uwani kwako wapi? Si huyu hapa njiani! Amekuja kwa miguu gani? Kornel, ulimkuta wapi?"

"Hapa," Kornel alisema. "Hapa njiani."

Asubuhi yake mwenyekiti wa kitongoji alipokuja kutazama, uwani kwa Mzee Adolfu palikuwa pamefagiliwa, hapana hata tone la damu. Silvana ndiye aliyefagia, kabla hakujapambazuka vizuri, akizifuta nyayo za Kornel. Tena watu wengi walikuwa wamemsikia mzee huyo akilalamika kwamba mbwa yule anakula mayai yake, na kwamba ipo siku atamfanyia kitu. Bwana mifugo alisema mguu hauponi, akaukata. Mama Kornel alilia siku nzima, kesho yake akaenda kushtaki.

Kornel na Silvana walidhani mambo yataishia kwa mwenyekiti. Yalipofika mahakamani, Silvana alimvizia Kornel bombani, akaweka ndoo chini bila kuifungulia maji.

"Baba anaweza kufungwa, Kornel."

"Najua."

"Nilikuomba unyamaze, na ulinisikiliza. Sasa nakuomba useme."

"Nikisema nitakutaja."

"Nitaje." Macho yake makubwa yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, lakini yalimtazama bila kupepesa. "Watu watasema, watachoka. Mimi nitavumilia. Baba hawezi kuvumilia kuitwa mwongo mbele ya watu aliowafundisha sala. Hali chakula tena. Anakaa tu kwenye kigoda anasema, mimi nilimwona mbwa kwangu, au nimeanza kuchanganyikiwa?"

"Nitasema," Kornel alimwambia. "Nakuapia, Silva. Nitasema yote."

Silvana aliushika mkono wa shati lake, akauachia haraka kwa kuwa watu walikuwa wanakuja. Kornel alirudi karakana siku ile akiimba.

Chumba cha mahakama ya mwanzo kilikuwa kimejaa. Nusu ya mtaa ilikuwa imeteremka mjini kusikiliza kesi ya mbwa. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, amejifunga shali mabegani kwa ajili ya baridi, na kando yake walikaa wazee wa baraza wawili. Mzee Adolfu alisimama kizimbani na koti lake la kanisani, kofia mkononi, akiizungusha polepole.

Mama Kornel alieleza, akalia kidogo, akakaa. Kisha karani akaita jina la Kornel.

Alipewa Biblia. Aliapa kusema kweli. Alipoinua macho alimwona Silvana benchi la nyuma kabisa, khanga imemzunguka mabegani, na Silvana akampa ishara ndogo kwa kichwa, ishara ambayo mwingine hakuiona. Haya, sasa.

"Shahidi, ieleze mahakama uliyoyaona," hakimu alisema.

Kornel akafungua mdomo. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ameyapanga usiku kucha: nilikuwa uwani, nyuma ya kihenge. Lakini akaona benchi la mbele vijana wenzake wa karakana, wamekaa wamemkodolea macho wakisubiri. Akaona watasikia sasa hivi kwamba yeye alichuchumaa wakati mbwa anampigania. Baadaye, kila alipojiuliza ni nini kilichomkaba, alijaribu kusema ni huruma kwa mama yake, au ni heshima ya Silvana. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni lile neno kuchuchumaa.

"Nilimkuta njiani, Mheshimiwa. Damu zinamtoka. Nikamwita mama."

"Hukuona aliyemkata?"

"Sikuona."

Hakimu akaandika. "Mshtakiwa, una swali kwa shahidi?"

Mzee Adolfu alisogea mbele kidogo. "Kornel, mwanangu," alisema, taratibu, kama anavyosema na watoto wa komunyo ya kwanza, "sikuulizi kwa ubaya. Mimi ndiye niliyekufundisha katekisimu, nakujua. Labda ulisikia chochote upande wa kwangu? Au uliona damu kwenye lile pengo la ua? Nisaidie. Nimejiuliza mpaka nimechoka."

"Sikuona kitu, mzee."

"Hukuona."

"Sikuona."

Mzee aligeukia meza ya hakimu. "Sina swali tena, Mheshimiwa. Kama mtoto amesema hakuona, basi hakuona."

Kornel alirudi kukaa. Mama yake alimfinya goti kwa furaha, na mkono ule ulikuwa mzito kama jiwe. Hakuthubutu kugeuka nyuma.

Mzee Adolfu alijitetea kwa maneno machache, yaleyale aliyoyasema tangu siku ya kwanza. Hakimu akamuuliza kama ana shahidi.

"Sina, Mheshimiwa. Nilikuwa peke yangu."

"Nipo mimi."

Sauti ilitoka nyuma. Mabenchi yalilia watu walipogeuka. Silvana alikuwa amesimama.

"Silvana, kaa chini," baba yake alisema. "Hukuwepo wewe."

"Nilikuwepo, baba."

Hakimu alishusha miwani. "Umekaa humu ukisikia wenzako wote, binti. Hivyo sivyo shahidi anavyotakiwa kufanya. Nitakusikiliza, lakini uzito wa maneno yako nitaupima mwenyewe. Njoo uape."

Alipita katikati ya mabenchi bila kumtazama mtu. Aliapa.

"Mbwa alikatwa uwani kwetu, nyuma ya kihenge. Baba anasema kweli. Kamanda alimrukia, naye alikuwa haoni vizuri, giza lilikuwa limeingia."

"Mbwa wa watu alifuata nini uwani kwenu?"

"Alimfuata bwana wake."

"Bwana wake nani?"

"Kornel."

Chumba kizima kiliguna. Karani alipiga meza. Mmoja wa wazee wa baraza aliinama mbele, akauliza kwa sauti ya kusitasita, "Huyu kijana alikuja kwenu kufanya nini jioni hiyo, mwanangu?"

"Kuniona mimi, mzee. Tulikuwa tunapendana."

Kornel alilisikia lile tulikuwa. Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililomwingia mbavuni.

Silvana aliendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayetaka kuvuka mto kabla hajaogopa. "Baba aliporudi nilimwambia Kornel ajifiche, akajificha. Mbwa hakujificha. Baba alipoingia ndani kutafuta tochi, Kornel alimbeba akamweka njiani. Na damu asubuhi niliifagia mimi. Hilo ni kosa langu, silisukumi kwa mtu. Nilimwacha baba yangu adhani anachanganyikiwa." Akamgeukia mzee kizimbani. "Nisamehe, baba."

Kofia ilimponyoka Mzee Adolfu mkononi, na hakuinama kuiokota. Alikuwa anatazama mbao za kizimba kana kwamba ndiyo mara ya kwanza anaziona, na uso wake ulizeeka pale pale mbele ya watu. Kesi ilikuwa imemgeukia upande wake, na yeye alionekana kama aliyehukumiwa.

"Kornel, simama," hakimu alisema. "Kiapo chako bado kinakufunga. Uliyoyasikia ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sikusikii."

"Ni kweli, Mheshimiwa."

"Mbona uliidanganya mahakama?"

"Niliona aibu."

Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Hakimu hakucheka.

"Mzee huyu aende jela ili wewe usione aibu?"

Kornel alisimama tu, mikono ikining'inia, machozi yakimchuruzika hadi kwenye kola ya shati jeupe. Mama yake ndiye aliyeinuka. Alikuwa amepauka, na alishika mgongo wa benchi ili asianguke.

"Mheshimiwa, naomba niifute kesi yangu. Nimekuja hapa kumshtaki mtu, kumbe wa kushtakiwa nimelala naye nyumba moja."

Mzee Adolfu aliachiwa huru. Kornel alionywa kwamba kusema uongo kwa kiapo ni kosa lenye kifungo, na kwamba akirudi kwenye chumba kile kwa jambo kama hilo hatatoka kwa mlango alioingilia. Yote yalisemwa mbele ya watu, naye aliitikia, "Ndiyo, Mheshimiwa," kila hakimu aliponyamaza.

Nje, Mama Kornel alimpita mwanawe bila neno, akaenda moja kwa moja alipokuwa Mzee Adolfu, akapiga magoti kwenye vumbi.

"Nisamehe, Baba Silvana. Nimekutukana mtaa mzima."

"Inuka, mama," mzee alisema, akimshika mkono. "Tumelingana leo. Wewe una wako, na mimi nina wangu."

Silvana alikuwa akienda peke yake kuelekea zinakokaa bodaboda. Kornel alimkimbilia.

"Silvana. Silva, ngoja."

"Usinifuate mbele ya watu."

"Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Maneno yalikuwa hapa."

"Nilikuona." Alisimama, akamgeukia. Hakuwa analia. "Ulifungua mdomo. Nikasema moyoni, huyo, Kornel wangu, sasa anasema. Nilikuwa nimeshajiandaa watu wanigeukie. Kisha ukasema njiani."

"Nilikuwa nakulinda wewe, jina lako."

"Hilo usiseme. Sema lolote lingine, lakini si hilo. Jina langu nilikupa kwa mkono wangu pale bombani."

Kornel alirudi hatua moja nyuma.

"Lakini hata hilo la njiani ningelimeza," Silvana alisema, na sasa sauti ikaanza kumkatika. "Nimekujua, najua mama yako alivyo, najua watu. Ila baba alikuomba. Alikuita mwanangu. Akasema kama hukuona basi hukuona. Alikuamini wewe kuliko macho yake mwenyewe, Kornel. Na wewe ukaenda kukaa."

"Nifanye nini, Silva? Niambie nifanye nini."

"Sijui. Mimi leo nimemvua baba yangu nguo mbele ya mtaa mzima ili asifungwe. Sina akili ya kukufikiria na wewe."

Akaondoka. Mzee Adolfu alimkuta mbele, na baba na binti wakatembea pamoja bila kusemezana.

Zilikuja siku mbaya. Watu wa Chala walituma mtu kusema kwamba kijana wao amesitisha. Mzee Adolfu alimwendea paroko, akaomba apumzishwe ukatekista. Alisema mtu asiyejua yanayofanyika nyuma ya nyumba yake hawezi kuwafundisha wengine. Silvana aliendelea kwenda parokiani kila asubuhi, kichwa juu, na wanawake bombani walikatiza mazungumzo kila alipofika na ndoo yake. Kornel aliyasikia yote haya na kila moja alijua lilikuwa limeanzia wapi.

Karakanani nako hakukukalika. "Oya fundi!" vijana walimwita wakipita. "Tutengenezee kihenge, mshikaji, kikubwa, cha kuenea mtu na nusu!" Mwanzoni alipiga misumari kwa nguvu asisikie. Kisha akaacha. Alisimama akawasikiliza hadi wanamaliza, kwa kuwa aliona wana haki.

Mama yake hakusema naye vizuri mpaka mavuno ya ulezi yalipoingia. Jioni moja akiwa anapepeta, ungo magotini, alisema bila kuinua uso:

"Jumapili tunakwenda kwa Adolfu. Nimemwambia baba yako mdogo Wilibrodi aje. Tutaomba radhi kama watu, halafu tutamuomba binti."

Kornel alidhani hakusikia vizuri. "Binti gani?"

"Wana binti wangapi? Nilisema atakucheka kwa kuwa amesoma. Nimemwona akisimama pale. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka nyumbani kwangu siku nikizeeka."

Kornel hakulala usiku ule, kwa furaha na kwa hofu.

Jumapili baada ya misa walipita mlango wa mbele, watatu, mchana kweupe. Mzee Adolfu aliwakaribisha, akawawekea viti, togwa ya ulezi ikaletwa kwenye vikombe. Kornel hakungoja baba yake mdogo amalize utangulizi. Alishuka kwenye kiti, akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Nilikuwa nyuma ya kihenge chako. Nilikusikia ukimtaja Yesu na Maria. Nilikusikia ukitetemeka, na nikamchukua mbwa nikaondoka, nikakuacha utafute kwa tochi kitu ambacho nimekibeba mimi. Mahakamani uliponiomba nikusaidie, nilikutazama usoni nikakunyima. Sina cha kujitetea. Nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu, kwa kuwa ile siku aliyekuambia alikuwa mwanao, si mimi."

Mzee Adolfu alijifuta macho kwa kiganja.

"Inuka, kijana. Nimekusamehe. Na mimi mguu wa yule mbwa unaniuma, sikutaka." Alivuta pumzi ndefu. "Hilo la pili mlilokuja nalo nimekwisha kulisikia kwa Wilibrodi kabla ya leo. Kwa upande wangu sina kizuizi. Wa Chala wameshakwenda zao. Lakini nimewahi kumsemea binti yangu mara moja na mnajua tulikofikia. Silvana!"

Aliingia, akapiga goti mbele ya Mama Kornel. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo, mwanangu." Mama Kornel alimshikilia mkono hakutaka kuuachia.

Alipoelezwa, Silvana aliomba kusema na Kornel kwanza. Wakatoka, wakasimama katikati ya uwanja, mahali ambapo kila aliyekaa ndani aliweza kuwaona. Jua lilikuwa kali na upepo ulikuwa wa baridi. Silvana alikuwa amekonda kidogo. Kornel alitamani kunyoosha mkono amguse shavu, akaurudisha.

"Nimekusikia ukisema na baba," alianza Silvana. "Nilikuwa jikoni. Umesema vizuri."

"Nimechelewa."

"Umechelewa. Lakini umesema."

"Silva, wazee wamekubali. Wote. Kile tulichokuwa tunakiogopa miezi yote hii kimekwisha."

"Nimeona." Alitabasamu kidogo, tabasamu lisilofika machoni. "Nilidhani siku wakikubali nitaruka. Kornel, siwezi."

Aliisikia, lakini mwili ulikataa kuielewa. "Huwezi nini?"

"Kuolewa na wewe. Kila nikifumba macho nakuona umeshika Biblia. Nimejaribu kuifuta ile picha. Nimesali. Nikikuona nakuhurumia, kisha nakuonea aibu. Mke hawezi kumwonea aibu mumewe kila asubuhi akimpa chai. Tutachukiana."

"Nitabadilika."

"Naona umeanza. Natamani ufike mbali." Macho yalimjaa, akayaacha yajae. "Lakini usibadilike kwa ajili ya mimi kukutazama. Masista wa Kaengesa wana chekechea, wameniita nikafundishe. Nakwenda mwezi ujao."

"Bado unanipenda?"

Ndani, mtu alikohoa.

"Hilo sikulisema uongo hata siku moja," Silvana alijibu. "Ndiyo maana linaniuma kukataa."

"Nije kukuona Kaengesa?"

"Usije. Usiningoje, Kornel, usiniwekee na ahadi. Nikitaka kukuona, karakana yako naijua."

Alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akajiweka sawa, akaingia ndani. Kornel alimsikia akiwaambia wazee mwenyewe, kwa sauti ya heshima, kwamba anawashukuru sana na kwamba hataweza, na kwamba Kornel hajamkosea adabu kwa lolote leo. Akamsikia mama yake akisema polepole, "Sawa, mwanangu. Sawa." Kisha pakawa kimya, kimya cha watu wanaomsubiri mtu aliyebaki nje.

Pengo kwenye ua wa minyaa lilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Angeweza kupita pale akawa nyumbani kabla hawajamwita, na hakuna ambaye angemlaumu siku kama ile. Mama yake angemwombea radhi.

Alikung'uta vumbi kwenye magoti, akavuka uwanja, akainama kwenye mlango mfupi wa Mzee Adolfu, akaingia kukaa nao na kumaliza togwa aliyomiminiwa.